Picha Iliyobaki kwenye Kadi

Laki nne na thelathini.
Nimezihesabu juu ya jamvi, mlango nimeupiga komeo,
noti zinanukia karafuu kama mikono yangu,
maana ndiko zilikotoka: msimu wa mwaka, msimu wa vuli,
kuchambua pishi kwa pishi uani kwa Bi Mize
mpaka kucha zikageuka kahawia.

Sasa kila mtu ana lake.
Binamu Sleyum, mpiga picha za harusi hapa Wete:
"Bila lenzi ndefu hujaanza.
Chukua kubwa. Watu wanalipa wanachokiona begani."
Mjomba Bakar hataki hata kusikia:
"Simu unayo. Simu haina jicho?"
Mama hasemi kitu. Anapepeta mchele,
nami natamani anipepetee na haya.

Usiku nikaandika nyuma ya daftari la jiografia:
kamera,
kadi mbili (moja ikifa),
betri ya akiba, umeme wetu mnaujua,
laptopu.
Nikaifuta laptopu.
Nikaiandika tena kwa penseli, kidogo.
Bei ya mbuzi si bei ya majani yake.

Chake Chake, duka la Shaame, juu ya wauza vitambaa.
Mpya imo kabatini, ndani ya plastiki yake,
imekaa kama bi harusi asiyeguswa:
lenzi mbili, mkoba,
na kigoda cha miguu mitatu, chepesi kama bua la mtama.
Nikauliza bei.
Nikauliza tena, labda sikusikia.

Ile nyingine ilikuwa chini, pamoja na chaja na redio mbovu.
Mpira wa kushikia umebanduka,
lenzi moja tu, fupi, isiyovuta:
ukitaka kitu kikaribie, miguu unayo.
Pembeni ya kioo, mkwaruzo mwembamba kama unywele.
"Hauonekani kwenye picha," akasema Shaame,
na nikajua atafuatisha kiapo.
"Piga mwenyewe, kadi imo."

Nikapiga ngazi, nikapiga feni, nikapiga kiatu changu.
Kurudi nyuma kuangalia, kidole kikapitiliza
kikafika kwenye picha isiyo yangu.

Mwanamke jikoni. Si Pemba, sijui ni wapi.
Anacheka, kajiziba mdomo kwa mwiko,
utosi umekatwa, mwanga wa dirisha
umemwagika shavuni kupita kiasi,
na hata meza haijatulia.
Aliyepiga naye alikuwa akicheka.
Hilo linaonekana.
Mkwaruzo nimeutafuta, sikuuona.

"Ya nani hii?"
"Takataka tu. Futa."

Tulivutana mpaka adhana ya alasiri:
yeye laki tatu unusu, mie laki mbili,
tukakutana pale ambapo wote tulinuna.

Laptopu ni ya dada Zuwena, ya kuazima.
Feni yake inakoroma, herufi M imeng'oka;
picha ya mama nimeihifadhi kwa jina la "aa".
Programu ni ya bure, hufunguka chai ikishachemka.
Usiku wa kwanza niliharibu picha kumi na tisa:
mkoko kijani kama sharubati,
mdogo wangu uso mwekundu kama ubuyu.
Sasa mwanga nausogeza kidogo kidogo,
kama chumvi kwa mgonjwa wa presha.

Sleyum alikuja, akaipima kiganjani.
"Nyepesi," akasema. "Kwenye harusi hawatakuita."
Kweli. Bado hawajaniita.

Jana nilisogea kwa miguu yangu mpaka karibu na ungo,
chuya zikiwa bado hewani.
"Ondoka, utaingiwa na vumbi," akasema aa.
Moja ilitoka. Labda.

Ile kadi ya zamani imo humo humo.
Inasema nafasi zilizobaki ni mia tatu na kumi na mbili.
Zingekuwa mia tatu na kumi na tatu.